Ulimwengu Ulionywesha Vifaranga

Nawaona mkinitazama nyusi, vijana. Ni kweli, ya kushoto haipo, na haikuondoka kwa uzee. Niliiacha tanuruni wiki yangu ya kwanza, nilipoinama kuchungulia kama moto umewaka, na moto ukanijibu mwenyewe. Ukitaka kujua kama tanuru limewaka, simama kando usikilize. Likiwa sawa hukoroma kama paka aliyeshiba. Likikohoa, liache likohoe. Usiende kulipa pole.

Nimepuliza kioo hapa Kitengela mpaka macho yakaingia ukungu. Daktari aliniuliza, "Mzee, umekuwa ukitazama moto sana?" Nikamwambia, "Daktari, mimi nimekuwa nikilipwa kuutazama." Nyinyi mna miwani ya rangi na kipimajoto kinachoandika namba. Sisi tulikuwa na kofia. Tulizivaa ndani ya banda, kujikinga jua ambalo halikuwa linaingia.

Aliyenifundisha ni Mzee Mutiso, Mkamba aliyekuwa mchonga vinyago kabla ya kuhamia kwenye kioo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa matusi madogo. Banda letu la mabati lilikuwa uwandani, upande wa kwenda Kisaju, wakati ambapo kati yetu na barabara hapakuwa na ploti bali nyasi na punda milia. Tulikusanya vioo vya madirisha yaliyovunjika na chupa, tukaviyeyusha kwa mafuta machafu ya injini. Jioni tulirudi mjini tunanuka kama gereji.

Siku ya kwanza alinipa paipu ndefu ya chuma, akanionyesha jinsi ya kuichovya tanuruni na kuizungusha, kama unavyozoa asali kwa kijiti. Kikatoka kibonge cha kioo chekundu, laini, kinataka kudondoka. Nikapuliza. Hakuna kitu. Nikapuliza tena mpaka masikio yakalia. Hakuna. Nikaita pumzi yote niliyotoka nayo Bungoma, kioo kikapasuka ubavuni, kikatoa sauti moja ya aibu.

"Barasa," alisema Mutiso, "unapuliza kama unaita ng'ombe waliopotea."

"Si umesema nipulize, mzee?"

"Nimesema upulize kioo. Wewe unapuliza Kitengela yote."

Kisha akanionyesha siri ambayo nami ninawapa leo, na msipoishika hamtapata kitu kingine cha maana kwangu. Unaweka pumzi ndogo tu, kama ya kuondoa vumbi machoni pa mtoto. Halafu, haraka, unaziba tundu la paipu kwa kidole gumba. Unangoja. Hiyo hewa kidogo imenaswa ndani, inapata joto, haina pa kwenda. Kwa kitambo hakuna kinachotokea, nawe unaanza kujiona mjinga. Ghafla, ndani ya kile kibonge kinatokea kiputo, pu! Kimevimba chenyewe, wala hukuwa unapuliza. Nilipokiona mara ya kwanza niliruka nikamkanyaga Mutiso mguu.

Sikuwa nimekuja pale kwa kupenda sanaa. Baba alifariki, mwaka uliofuata mama akamfuata, nami nilikuwa kidato cha pili, wa kwanza kati ya watoto wanne. Kuwa wa kwanza maana yake ni hii: wengine wakiuliza "tutakula nini?" hawaangalii juu kwa Mungu, wanakuangalia wewe. Nikaacha shule, nikajaribu kazi za mjengo, nikafukuzwa kwa kuchanganya saruji nyepesi kama uji wa mgonjwa. Kwenye kioo angalau nilipoharibu, tulirudisha uharibifu tanuruni, ukawa mali tena. Sijawahi kuona kazi nyingine inayomsamehe mtu kiasi hicho.

Duara langu la kwanza kubwa, hata hivyo, tanuru halikulipata. Nililipuliza kabla kioo hakijaiva. Ukiwa na haraka, hewa hubaki ndani ya kioo kama vitone vidogo vidogo. Mutiso aliviita viroboto. Sasa sikilizeni: kiroboto ni kidogo, hukioni. Lakini ukikuza kioo, kiroboto nacho kinakua. Kioo kikivutika, nacho kinavutika. Mwisho wake nilikuwa na duara kubwa kuliko kichwa changu, limeinama upande mmoja, limejaa viroboto vilivyorundikana mahali na kupotea mahali pengine.

Aliyekuja wa kwanza kuliona ni Ng'oto Naserian, mama wa Kimaasai aliyetuletea maziwa.

"Takwenya," nikamsalimu, nimelishika kama mtoto mchanga.

"Iko," akajibu. Akaweka kibuyu chini, akalizunguka. "Hiyo ni kibofu ya ng'ombe?"

"Ni taa ya kupamba, mama."

"Aa." Akafikiri kidogo. "Hiyo ng'ombe ilikuwa mgonjwa."

Mutiso alicheka mpaka akakaa chini. Kwa hasira nikalipoza vizuri kwenye oveni ya kupozea kioo, nikalibeba nyumbani. Nililijaza maji, nikalipindua mdomo chini kwenye sahani, likawa la kunywesha vifaranga. Wakinywa, maji yanashuka kidogo, wakiacha, yanakaa. Likashika ukungu wa kijani na mengine ambayo kuku huacha popote. Hiyo ndiyo ikawa hatima ya sanaa yangu ya kwanza.

Basi miaka ilienda. Wadogo zangu wawili wa kiume walipata kazi zao, mmoja utingo garini, mwingine Kimana kwenye mashamba ya vitunguu. Akabaki Nafula, kitinda mimba wetu, kidato cha tatu, kichwa chake chepesi kuliko cha sisi wote tukiwekwa pamoja. Jioni moja nikiwa nakaanga omena, alisema bila kuinua macho, "Brathe, muhula huu nikimaliza, naenda kwa maua."

Mashamba ya maua yalikuwa yamefunguliwa huku, na kila asubuhi wasichana walipita mbele ya nyumba yetu wakielekea huko kwa makundi.

"Kwa maua kufanya nini?"

"Kazi. Kina Wambui wako huko. Umetubeba inatosha. Angalia mikono yako."

Nikaangalia. Ilikuwa na makovu, lakini sikuona ilivyohusika. "Hii mikono ni mibaya tangu nizaliwe," nikamwambia. "Muulize shangazi."

Hakucheka. Mimi nilijua jambo moja ambalo yeye hakulijua. Anayeacha shule husema ni kwa muda. Nami nilisema ni kwa muda. Daftari zangu za kidato cha pili zilikuwa bado sandukuni zikinisubiri, zimeliwa na mende mpaka kwenye logarithimu.

Tulibishana hadi omena ikaungua. Mwishowe tukapatana. Shule yao ilikuwa ipeleke wanafunzi kwenye maonyesho ya sayansi huko Kajiado, na mwalimu kijana aliyekuwa shuleni kwa mazoezi alikuwa amempa Nafula mada ya jinsi ulimwengu ulivyoanza. "Nitaenda," alisema. "Lakini nikisimama mbele ya watu nikose cha kuonyesha, usinizuie tena." Nikakubali. Mtu mwenye akili angeuliza kwanza ni nini hicho anachotakiwa kuonyesha.

Alinieleza kwa siku kadhaa. Akasema vyote tunavyoviona, nyota na mwezi na milima ya Ngong, vilitoka kwenye hali moja iliyosongamana na yenye joto lisilosemeka. Akasema wataalamu wanadhani mwanzoni kabisa, ndani ya muda ambao kupepesa jicho mbele yake ni uzee wa milima, ulimwengu ulivimba ghafla kupita kiasi, kisha ukaendelea kupanuka polepole huku ukipoa.

"Nani alipuliza?" nikauliza. Kila mtu na kazi yake.

"Hakuna paipu, Brathe."

"Sasa umevimba na nini?"

"Nguvu iliyokuwa ndani. Haikupulizwa kutoka nje, kwa sababu hakuna nje."

Nikaacha kula. "Kama kidole gumba," nikasema. Nikamweleza kiputo kinachotokea chenyewe. Akashika kalamu. Nikajiona profesa.

Akaniambia jambo lingine. Ukipima joto lililobaki la ule mwanzo, linatoka kila upande wa anga na ni karibu sawa kabisa. Na hizo pande ziko mbali mno, hata mwanga haujapata muda wa kutoka upande mmoja ufike wa pili. "Sasa zilikubaliana lini?" akaniuliza.

Nikacheka. Duara la kioo lina upande huu na upande ule, na joto lao ni moja, kwa sababu kabla ya kuvimba zilikuwa kibonge kimoja. "Zilikuwa zinakaa nyumba moja kabla ya kuhama," nikasema.

"Ndiyo jibu mwalimu alitoa," alisema Nafula. "Alitumia muda mrefu zaidi."

Vijana, hapo ndipo nilipoharibika. Nilienda kazini nimenyosha shingo. Nilimweleza Mutiso ulimwengu. Nilimweleza Ng'oto Naserian ulimwengu, akaniuliza kama huo ulimwengu una nyasi. Nafula aliniomba duara kubwa la kioo la kuonyesha watu. Alisema hivi, na nayakumbuka maneno yenyewe: "Liwe laini, Brathe, lakini si laini kabisa. Liwe na vidosari." Nikasema sawa. Moyoni nikasema, huyu mtoto ananihurumia. Anajua kaka yake si fundi sana, anatafuta njia ya adabu ya kuniambia nisijisumbue. Nani amewahi kumwomba fundi wa kioo kazi yenye dosari?

Nikaamua kumwaibisha kwa uzuri.

Nilimbembeleza Mutiso akakubali tuache kioo tanuruni kiive kupita kawaida, mpaka kila kiroboto kipate kupanda juu kitoke. Maduara niliyopuliza kabla ya hapo, yenye vitone, niliyarudisha yote kuyeyuka. Kisha nikazoa, nikazungusha, nikaweka pumzi, nikaziba. Pu! Nikapasha moto, nikapuliza, nikalainisha kwa gazeti lililoloweshwa, mvuke ukinipanda usoni kwenye nusu ya nyusi iliyobaki. Hamjapata kuona duara kama lile. Ungeliweka mezani, mtu angeligonga kabla hajajua lipo. Mutiso alilizunguka akanung'unika, jambo ambalo kwake lilikuwa wimbo wa sifa. Likaingia oveni ya kupoza. Kioo kikipozwa haraka hupasuka, hivyo hulala humo usiku na mchana mzima. Nikalitoa siku iliyofuata jioni, siku moja kabla ya maonyesho.

Nafula alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akaligeuza tena. Nikangoja kelele za furaha.

"Vidosari viko wapi?"

"Hakuna!" nikasema, kifua mbele. "Hata kimoja."

Akakaa juu ya kitanda na duara mapajani. "Brathe. Ulimwengu ukiwa hivi, hakuna mtu."

"Hakuna mtu wapi?"

"Popote. Hakuna nyota, hakuna dunia, hakuna mimi na wewe. Mwanzoni kulikuwa na tofauti ndogo sana, ndogo kuliko chembe. Ulimwengu ulipovutika, zikavutika nazo. Pale palipokuwa pazito kidogo kuliko jirani, vitu vikavutana, vikarundikana, vikawa makundi ya nyota. Ingekuwa laini kabisa, kila kitu kingekaa mbali na mwenzake mpaka leo. Hiyo ndiyo nilitakiwa kuonyesha." Akaliweka chini kwa uangalifu. "Ni nzuri lakini. Asante."

Hiyo asante ilinichoma kuliko tanuru. Kupuliza lingine haikuwezekana: kioo chote tanuruni kilikuwa safi, safi kwa ujinga wangu, na oveni ingelimeza mpaka kesho jioni wakati watu wamesharudi majumbani. Maduara yenye viroboto nilikuwa nimeyayeyusha kwa mikono yangu. Nafula alianza kukunja karatasi zake taratibu, kama mtu anayefunga duka. Nikajua anafikiria barabara ya kwenda kwa maua.

Nikatoka nje nisionekane uso. Na huko nje vifaranga walikuwa wanakunywa maji.

Nililitazama lile duara bovu. Lilikuwa la kijani, limepakwa kila aina ya heshima ya kuku. Nikalipindua, vifaranga wakapiga kelele ya kuibiwa. Nikarudi nalo ndani maji yakinichuruzikia surualini.

"Nafula. Hiki je?"

Akalinusa kwanza. Kisha akaenda dirishani, jua lilikuwa bado halijazama, akasugua sehemu moja kwa kanga. Kwenye ukuta wa mabati vikatokea vitone vya mwanga na vivuli, vimejirundika hapa, vimejinyosha kule kama nyuzi, na katikati mahali patupu pasipo na kitu.

"Brathe," akasema, sauti chini. "Ulifanyaje hii?"

"Nilikuwa na haraka," nikasema.

Tulilisugua kwa majivu na mchanga mpaka vidole vikakunjamana. Asubuhi tukapata lori lililokuwa likirudi Kajiado kuchukua mchanga, dereva akatukubalia nyuma. Nilikaa juu ya mabaki ya mchanga nimelikumbatia duara ndani ya blanketi, na kila shimo la barabara nililipokea kwa makalio ili lenyewe lisilipokee. Niliposhuka nilitembea kama bata.

Ukumbini nilikaa nyuma kabisa. Jaji, mwalimu mmoja wa tai na kalamu mbili mfukoni, alifika mezani kwa Nafula akaliinamia duara.

"Hiki ni chombo cha nini?"

Nafula alikuwa amekauka. Nikatamani kupiga kelele "ulimwengu!" lakini ningemmaliza.

"Mpaka jana," akasema Nafula, "kilikuwa cha kunywesha vifaranga."

Watu wakacheka. Jaji naye akacheka. Na kicheko hicho kilimfungua, kama lile tundu la paipu unapoliachia. Akalinyanyua mbele ya dirisha, vitone vikaruka ukutani, akaanza: kibonge kimoja, joto moja, pumzi isiyotoka nje, kuvutika, vidosari. Akasema lakini mfano huu una makosa yake: kioo kinavimba ndani ya chumba, ulimwengu hauna chumba, nasi tusijifikirie tumo tumboni mwa duara, sisi ni kama tumo ndani ya ngozi yake yenyewe. Akasema pia wataalamu bado wanabishana kuhusu kilichousukuma. Jaji akauliza, "Na aliyetengeneza, alikusudia hizi dosari?"

"Hapana, mwalimu. Alijitahidi sana asizipate."

Hapo kila mtu alinigeukia, maana nilikuwa nimeanza kukohoa.

Hakushinda. Alishinda msichana mmoja kutoka Ngong mwenye mashine ya kuangulia mayai, na sikulalamika. Inaonekana siku hiyo ilikuwa ya kuku tangu asubuhi. Tulirudi jioni. Nafula hakusema lolote kuhusu shule wala maua, nami nikajizuia nisiulize, ingawa ulimi ulikuwa umevimba mdomoni. Alichofanya alipofika ni kujaza duara maji na kuwarudishia vifaranga.

Jumatatu nikaamka mapema kujiandaa kwenda bandani. Nilikuwa nanawa uso kwenye karai nje, sabuni machoni, niliposikia kundi la wasichana wa maua likija barabarani, wanacheka, viatu vyao vya mpira vinapiga chini. Wakasimama mbele ya lango letu.

"Nafula!" akaita Wambui. "Toka basi, tumechelewa!"

Nikashika kitambaa lakini sikujifuta. Nilisikia mlango, nikasikia hatua. Nikajifanya natafuta kiatu, hali vyote viwili nilikuwa nimevivaa.

"Tangulieni," akasema Nafula. "Mimi niko na fizikia asubuhi."

Nikafumbua jicho moja. Alikuwa amesimama langoni na sweta ya shule, soksi moja juu, nyingine chini, anatafuna kiporo cha chapati. Akanitazama.

"Brathe, uko na sabuni kwa jicho."

"Najua," nikasema. "Acha ikae."